Mama Pacha na Usaili wa Kutwa Nzima

Kwa dobi asubuhi huanza na kelele. Mashine kubwa inanguruma kule nyuma. Pasi ya mvuke inapumua kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Redio nayo inaongea peke yake, maana hakuna anayeisikiliza. Mama Pacha yuko kaunta, mahali pake pa miaka kumi na mitatu. Mkono mmoja unapokea nguo, mkono wa pili unabana namba kwa pini, na mdomo unasema, "Sawa kaka, Alhamisi itakuwa tayari."

Mumewe, Baba Pacha, ndiye mpiga pasi. Ni mrefu, mwembamba, na maneno yake ni mengi kuliko mashati. Watoto wao ni mapacha, wasichana wa miaka kumi na minne. Aliyetangulia kuzaliwa kwa dakika sita anaitwa Mkubwa. Mwenzake anaitwa Mdogo. Hizo dakika sita Mkubwa hajawahi kuzisahau hata siku moja.

Basi siku hiyo ikaja bahasha ya kaki yenye muhuri. Inatoka ofisi ya maji. Mama Pacha akafuta mikono, akaikata polepole kwa mkasi wa kukatia nyuzi. Akasoma. Akasoma tena. Halafu akakaa juu ya gunia la mashuka.

"Nini?" akauliza Baba Pacha. "Nani amekufa?"

"Wameniita kwenye usaili."

Hapo pasi ikawekwa chini. Hili halikuwa jambo dogo. Mama Pacha aliacha shule akiwa msichana. Akiwa na watoto wawili na duka la kuendesha, alirudi kwenye masomo ya jioni. Cheti alikipata akiwa na miaka arobaini na miwili, na baada ya hapo akajifunza kompyuta. Kazi aliyoomba ni karani wa huduma kwa wateja. Tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Yeye alikuwa na arobaini na nne na miezi minane. Nafasi kama hizo hazitoki kila mwezi. Yaani ilikuwa ni hii, au basi tena.

Baba Pacha akachukua barua, akaisoma kwa sauti. "'Usaili wa tathmini utaanza saa mbili kamili asubuhi na kumalizika saa kumi jioni.' Hapa wamekosea kuandika."

"Hawajakosea," akasema Mama Pacha.

"Masaa manane? Wanamuuliza mtu nini masaa manane? Mimi nilipokuja kukuposa nilihojiwa na wajomba zako saba, tena wakali, na tulimaliza kabla ya chakula."

"Labda wewe hukuwa na mengi ya kuulizwa, baba," akasema Mdogo.

Kesho yake Baba Pacha akaenda steshenari, akarudi na karatasi zimebanwa kwa pini. Zilikuwa na maswali sitini ya usaili na majibu yake. Zilikuwa zimetolewa fotokopi mara nyingi mpaka swali la arobaini limebaki doa jeusi tu.

"Meza zote sitini," akamwambia mkewe. "Ukizimeza hizi, wakuulize mpaka wachoke wao."

Mama Pacha akameza. Akiosha vyombo, anameza. Akibana namba, anameza. Jioni mume anauliza, mke anajibu.

"Swali la saba. Udhaifu wako ni upi?"

"Udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi na napenda kila kitu kikamilike."

"Mama, juzi ulilala kwenye mashuka ya nyumba ya wageni," akasema Mkubwa.

"Nilikuwa nayahesabu."

"Huku unakoroma?"

Baba Pacha hakuishia hapo. Alitaka mkewe aingie ofisi ya maji akiwa tangazo la duka. Akachukua suti ya mkewe ya rangi ya kijivu, akaifua, akaitia wanga wa nguo, akaipiga pasi, akaitia wanga tena. Alipomaliza, sketi ilisimama yenyewe kwenye kona kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Ndivyo Bi Utumishi alivyoikuta. Huyu bibi anaishi ghorofani, juu ya duka. Ni afisa utumishi wa hospitali kuu, yaani anashughulika na mambo ya wafanyakazi, tangu kuajiriwa mpaka kustaafu. Alikuja kuchukua magauni yake. Akamkuta Baba Pacha anauliza swali la saba na Mama Pacha analijibu kwa macho yaliyofumbwa.

Bi Utumishi akaangua kicheko. "Samahani, jirani. Hilo jibu nimelisikia mara nne Jumanne iliyopita. Watu wanne, neno kwa neno. Wa nne tulimwonea huruma."

Mama Pacha akafumbua macho. "Kwani si jibu zuri?"

"Ni zuri, ila si lako. Na hii sketi ni ya nani? Inaumwa?"

"Ni ya usaili," akasema Baba Pacha kwa majivuno. "Gusa."

"Naogopa itanikata. Dada, hebu ivae, ukae."

Mama Pacha akaenda nyuma, akaivaa, akarudi. Akajaribu kukaa. Sketi ikalia kama karatasi ya biskuti. Akabaki nusu amekaa, nusu amesimama, ameshika ukingo wa kaunta.

"Masaa manane, shemeji," Bi Utumishi akamwambia Baba Pacha. "Utamfanya akae hivyo masaa manane? Ifue tena, itoe huo wanga. Nguo iwe safi, imwache mtu apumue. Na viatu avae alivyovizoea. Sasa nipeni hiyo barua."

Akaisoma, kisha akaigeuza. "Huku nyuma mmesoma?"

Hakuna aliyekuwa ameigeuza. Wote wanne wakaisogelea barua kama vile imeanza kuandikwa saa hiyo.

Nyuma kulikuwa na orodha ndefu. Njoo na vyeti halisi, si nakala. Njoo na kitambulisho. Chakula cha mchana kitatolewa. Mwenye ulemavu au ugonjwa aseme mapema, asaidiwe. Halafu chini: zoezi la barua za mezani, zoezi la kikundi, zoezi la kumhudumia mteja, na mwisho mahojiano na jopo.

"Sasa mnaona kwa nini ni kutwa nzima," akasema Bi Utumishi. "Ofisi ya maji siifanyii kazi. Maswali yao siyajui, na ningeyajua nisingekuambia. Lakini usaili wa namna hii naufahamu. Mahojiano ya dakika kumi yanampendelea mwenye mdomo. Kwa hiyo siku hizi ofisi nyingi zinakupa kazi ndogo ndogo zinazofanana na kazi yenyewe. Wao wanakaa pembeni, wanaandika wanachokiona. Shemeji, wewe ukitaka mpiga pasi mpya unamuuliza udhaifu wake?"

"Nampa shati la mikono mirefu," akasema Baba Pacha. "Kola itasema."

"Basi na wao wanampa shati la mikono mirefu."

Baba Pacha akaziangalia zile karatasi za maswali sitini, akazikunja, akaziweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Meza ikatulia. Angalau zilipata kazi.

Jumamosi mchana duka lilifungwa mapema. Meza ya pasi ikawa ofisi. Bi Utumishi alikuwa amewaambia mapacha waandike barua kumi na mbili, kama zile zinazoweza kuletwa ofisi ya maji. Mapacha waliandika kwa raha zao. Mmoja wa walalamikaji wao alikuwa mzee anayesema maji yake yana ladha ya maji.

"Haya," akasema Bi Utumishi. "Meneja hayupo. Barua hizi zimelala mezani. Una dakika arobaini na tano. Amua kila moja ifanywe nini, na uandike kwa nini. Anza."

Mama Pacha akachukua ya juu kabisa. Kuna mtu anauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi. Akamjibu vizuri sana. Akamsalimia, akamshukuru, akamtakia siku njema na familia yake. Ukurasa mzima, mwandiko wa kupendeza. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu.

"Muda umekwisha."

Alikuwa amemaliza nne. Bi Utumishi akaichomoa barua ya kumi na moja, akaisoma taratibu. Bomba kubwa limepasuka mbele ya zahanati. Maji yanaingia chumba cha wagonjwa.

"Huyu bado anasubiri," akasema.

"Na wagonjwa wanaogelea," akasema Mdogo.

Uso wa Mama Pacha ukapata moto. Akaiweka kalamu chini. "Labda sifai, dada. Labda nirudi kaunta nitulie."

"Tulia. Gunia la nyumba ya wageni likiletwa asubuhi, unaanza kufua nguo iliyo juu?"

"Aa, wapi. Namwaga zote chini kwanza."

"Halafu?"

"Nazipitia. Yenye doa ambalo likikaa litagoma kutoka, naiweka pembeni, hiyo ni ya saa hiyo hiyo. Suti ya mtu wa harusi kesho, hiyo ya leo. Mashuka yanaweza kungoja. Na nguo isiyo ya kwetu, iliyokuja kwa makosa, inarudishwa kwa..." Akanyamaza. Akaziangalia zile barua. "Eti kumbe."

"Eti kumbe," akasema Bi Utumishi. "Hakuna wa kukufundisha hilo. Unalijua miaka kumi na mitatu. Ulipoona kalamu tu, ukalisahau."

Wakaanza upya, na barua nyingine. Safari hii Mama Pacha alitumia dakika tano kuzisoma zote bila kuandika neno. Akatenga mafungu manne: ya sasa hivi, ya leo, ya kungoja, na ya kumpelekea mtu mwingine. Kila barua akaiandikia mistari miwili. Kengele ilipolia alikuwa na mbili mkononi. Bi Utumishi akamwambia, "Ukiishiwa na muda, andika: hizi mbili sijazifikia, nitazianza kesho asubuhi. Usizifiche chini ya nyingine."

Shughuli ilikuja kwenye zoezi la kikundi. Wanne wakaizunguka meza, Bi Utumishi akakaa pembeni na daftari. Swali lake lilikuwa hivi: maji yamekatika mtaani, gari la kusambaza maji ni moja, na safari ni moja tu leo. Liende shuleni, sokoni au zahanati? Mkubaliane kwa dakika kumi na tano.

"Shuleni," akasema Mkubwa. "Watoto mia nane."

"Sawa," akasema Mama Pacha.

"Sokoni," akasema Baba Pacha. "Bila maji soko zima litanuka, na sisi ndio tutafua."

"Sawa, baba watoto, hilo nalo kweli."

"Zahanati," akasema Mdogo. "Kuna wanaojifungua."

"Ee, sawa kabisa."

Wale watatu wakabishana mpaka meza ikatikisika. Mama Pacha alimkubalia kila mmoja kwa zamu. Muda ulipokwisha Bi Utumishi akafungua daftari.

"Dada, umekubali magari matatu. Gari ni moja."

Wote wakacheka, mpaka mwenyewe.

"Ni mazoea," akasema Mama Pacha. "Kaunta mteja habishiwi. Akisema shati lake lilikuwa jeupe na mimi naliona la njano, nasema sawa."

"Najua. Lakini ndani ya chumba kile, msailiwa anayesema sawa kwa kila mtu hana cha kuandikwa. Na anayepiga kelele kuwafunika wengine, huyo anaandikwa, ila vibaya. Wanatafuta mtu anayesikiliza, anayetoa wazo lake na sababu, na anayesaidia kundi lifike. Ukitaka kupinga, pinga kwa adabu. Sema, 'Nimekusikia. Mimi naona tofauti, kwa sababu kadha wa kadha.' Ukimwona mtu amekaa kimya, mkaribishe. Hebu jizoeze wiki hii."

Alijizoeza. Wiki ile nyumba ilikuwa na kazi. Baba Pacha akisema chumvi imezidi, anaambiwa, "Nimekusikia, mimi naona tofauti." Akisema kuna baridi, anaambiwa vivyo hivyo, na sababu anapewa. Jumatano akamwuliza Bi Utumishi kwenye ngazi kama hii dawa ina mwisho.

Alhamisi akaja mteja mmoja, mwalimu wa magari, anayefundisha watu udereva, mtu wa sauti. Akatupa kaunta shati la hariri. "Lichemsheni hili, nalitaka jioni."

Mama Pacha akavuta pumzi. "Nimekusikia, kaka. Mimi naona tusilichemshe, kwa sababu hariri ikichemshwa inasinyaa, utamvalisha mwanao. Nitalifua kwa maji baridi, na litakuwa tayari kesho saa nne."

Nyuma, Baba Pacha aliacha kupumua. Pasi yenyewe ilinyamaza. Mwalimu wa magari akaliangalia shati, akamwangalia Mama Pacha.

"Kumbe," akasema. "Ndiyo maana lile la kwanza lilisinyaa. Haya, kesho saa nne."

Alipotoka, Baba Pacha akasema, "Miaka kumi na mitatu tumewachemshia watu hariri?"

"Waliosema tuchemshe, tulichemsha," akasema mkewe.

Siku hiyo hiyo mchana walikwenda wote wawili kuliona jengo la ofisi ya maji, kuijua njia. Ikawa vizuri, maana mlango wa mbele ulikuwa unajengwa na watu wanaingilia nyuma. Mtu asiyejua angezunguka nusu saa.

Ijumaa ikafika. Mama Pacha alikuwa amelala mapema na alikunywa chai nzito. Vyeti halisi vilikuwa kwenye bahasha, kitambulisho mfukoni, viatu ni vile vya kila siku vilivyopakwa rangi. Sketi ilikuwa laini. Baba Pacha aliiangalia kwa huzuni kidogo, lakini hakusema kitu.

Wasailiwa walikuwa wanane. Kila mmoja alibandikwa namba kifuani, na yeye akawa namba sita. Wengi walikuwa vijana. Mmoja alimwamkia, "Shikamoo mama, umemleta mtoto?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe."

Zoezi la barua lilikuwa la kwanza. Bahasha ilikuwa nene kama mto. Pembeni kijana mmoja alikuwa ameshaanza kuandika kabla karatasi hazijatulia mezani. Mama Pacha akazitandaza zote. Akasoma. Akatenga.

Zoezi la mteja lilimpa raha. Mwanamume mmoja wa ofisi hiyo aliigiza mteja aliyekatiwa maji kwa makosa. Aligonga meza, akapaza sauti. Mama Pacha alimwacha amalize. Akamrudishia maneno yake ili ajue amesikiwa, akaandika namba ya mita, akamwambia anachoweza kukifanya leo na asichoweza kukiahidi. Yule mwanamume alikosa pa kuendelea kugombea. Akakohoa tu.

Mchana walikula pamoja. Bi Utumishi alishamwambia: hata pale mezani uko ofisini, kuwa mtu wa kawaida tu, ongea na jirani yako. Akaongea na namba tatu, binti mwembamba asiyeinua macho.

Baada ya chakula kikaja kikundi. Ofisi ina madirisha manne, wakaambiwa, na mwisho wa mwezi foleni inafika barabarani. Pendekezeni mambo matatu ya kufanya. Mnazo dakika ishirini na tano.

Namba moja, mwenye tai nyekundu, akaanza papo hapo. "Rahisi. Mlango ufungwe saa sita. Aliyechelewa kachelewa."

Vichwa vikaitikia. Mama Pacha alilisikia neno "sawa" likimpanda kooni, limejipanga kabisa kutoka. Akalimeza.

"Nimekusikia, kaka, na ni kweli wahudumu watapumua," akasema. "Mimi naona tofauti, kwa sababu waliofungiwa nje hawapotei. Kesho watarudi, na hasira ya siku mbili. Sehemu niliyofanyia kazi, foleni ilipungua tulipotenganisha wanaoleta na wanaochukua. Hapa tunaweza kutenganisha wanaolipa na wenye malalamiko."

Namba moja akamtazama. Wale watathmini pembeni, kalamu zao zikatembea. Mama Pacha akaona namba tatu amefungua mdomo, akaufunga, kwa mara ya tatu sasa.

"Namba tatu, nadhani ulitaka kusema kitu."

Binti akashtuka. "Ni... wazee na wajawazito. Wapewe dirisha lao. Na kila mtu apewe namba akifika, akae, asisimame."

"Hayo ni mawili kwa mpigo," akasema namba moja, na kumbe alikuwa muungwana. "Nayaandika. Zimebaki dakika nane, tuyapange."

Basi Mama Pacha akaanza kuamini. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia ofisini. Ndipo akaitwa kwenye jopo.

Walikuwa watatu. Wakamuuliza udhaifu wake. Akawaambia ukweli: ana haraka ya kukubali, kwa mazoea ya kaunta, na sasa anajifunza kupinga kwa sababu. Akawapa mfano wa shati la hariri. Mmoja akatabasamu. Wakamuuliza kitu kuhusu sheria ya kukata maji, akasema hajui, na angemuuliza msimamizi kabla ya kumjibu mteja.

Halafu mwanamke wa katikati akatoa karatasi. "Hii ni barua moja ya asubuhi. Uliiweka kwenye fungu la kungoja. Hebu soma mstari wa mwisho."

Mama Pacha akasoma. Ilikuwa barua ndefu ya mtu aliyelalamikia bili. Mstari wa mwisho kabisa ulisema nyumbani kwao kuna mtoto mchanga, na hawana maji tangu juzi.

Alijua kabisa kilichotokea. Alisoma mwanzo, akaona bili, akaruka mwisho. Angeweza kusema muda ulikuwa mfupi. Angeweza kusema mwandiko ulikuwa mbaya, na kweli ulikuwa mbaya.

"Nimekosea," akasema. "Nilisoma mwanzo nikadhani nimeimaliza. Hii ni ya sasa hivi. Ningempigia simu huyu kwanza, nimwombe radhi, nimtafutie maji leo, bili baadaye. Kwetu shati likiungua, tunampigia mteja kabla hajaja mwenyewe kuliona."

Wakaandika. Mwanamke wa katikati akasema, "Asante, tumemaliza."

Nyumbani mumewe na watoto walimkuta amevua viatu, amekaa juu ya gunia.

"Ikawaje?" akauliza Baba Pacha.

"Vizuri, mpaka mwisho. Mwisho nimemwacha mtoto mchanga bila maji."

Ikabidi aeleze, maana Mdogo alikuwa ameshaanza kulia.

Siku zikapita kumi na moja. Mama Pacha akarudi kwenye pini na namba zake. Hakulalamika, lakini redio ilikuwa ikizimwa kila simu inapolia. Siku ya kumi na mbili ikalia ya kweli. Mikono yake ilikuwa na povu, kwa hiyo Mkubwa aliishikilia simu sikioni kwa mama yake, na Mdogo akabandika sikio upande wa pili.

Sauti ikajitambulisha, ni yule mwanamke wa katikati. "Wasailiwa watano walikosea kwenye barua ile ile. Wanne walituambia kwa nini haikuwa kosa lao. Tungependa uanze kazi tarehe moja."

Mapacha walipiga kelele mpaka mashine ikawa haisikiki. Baba Pacha akatoka nje kuwatangazia wapita njia, pasi mkononi, waya unaburuzika. Jioni akapanda ghorofani kumshukuru Bi Utumishi, na magauni yake yote akayapiga pasi bure, bila wanga.

Tarehe moja, saa mbili asubuhi, Mama Pacha alikaa dirisha la nne. Dirisha la tatu alikaa yule binti namba tatu, na safari hii aliinua macho, akacheka.

Saa mbili na dakika kumi akafika mteja wake wa kwanza. Alikuwa mama mzee, kashika fomu ya kuunganishiwa maji kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi kusoma ndiyo kwanza najifunza. Haya maandishi madogo yananishinda."

Mama Pacha akaigeuza fomu, imwelekee mwenyewe. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Usijali. Tutasoma wote, mpaka chini kabisa. Hapa juu panasemaje?"

Yule mama akainama, akatamka silabi moja moja. Wakaenda hivyo, mstari kwa mstari, mpaka kwenye sahihi. Yule mama akaandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa, zimelala kidogo upande. Akaliangalia. Akajifuta jasho.

"Una subira wewe," akasema. "Naona umefanya kazi hapa miaka mingi."

Mama Pacha akainua macho, akaiangalia saa ya ukutani.

"Tangu saa mbili," akasema.